Maji ya Mgongo Yametoka Safi, Wanataka Nimtoe Mtoto Hospitali

Mshauri wetu mpendwa, nakuomba msaada na unijibu upesi, kwa maana nimezungukwa. Mimi ni Lydiah, mke wa Njiru aliye kizuizini, na naandika nikiwa kando ya kitanda cha mwanangu Rwamba katika hospitali huku Embu. Mtoto alianza na homa ndogondogo, akakonda, halafu kichwa kikamuuma hata ukimgusa shingo analia, na alipoanza kutapika nikambeba nikamleta, daktari akasema ni homa ya uti wa mgongo lakini ziko za namna nyingi na dawa si moja, lazima achomwe sindano kiunoni maji yatolewe yatazamwe, nami nikakubali, ingawa huko kijijini tulikohamishiwa na serikali wakati huu wa Emajensi, hali ya hatari, watu wanasema sindano hiyo ni ya kutoa siri za kiapo cha Mau Mau. Siri gani, na mtoto hajui hata kufunga kifungo!

Maji yakatoka safi kabisa. Ya mtoto wa kitanda cha jirani yalikuwa yamechafuka kama maji ya kuoshea unga, akapigwa penisilini na sasa anakula uji, na wangu wa maji safi ndiye anazidi kulala. Nilipomwambia shemeji yangu Njagi, ambaye ni homgadi, mgambo wa serikali anayelinda kijiji, akapiga makofi, akasema basi hana ugonjwa, mrudishe, na ukoo wote ukamuunga mkono. Lakini daktari anataka kumchoma tena. Njagi anasema pasi yangu ya kutoka kijijini ikiisha hataniombea nyingine, nitakamatwa, na Njiru ataambiwa niliuzia Wazungu mgongo wa mwanawe. Mimi sitoki. Lakini kama nimekosea na mtoto afe, nitasimama wapi?

Lydiah, Embu

JIBU

Pole sana, mama Rwamba. Sasa panguza machozi unisikize.

Nani aliwaambia maji safi ni afya? Hayo si maji ya mtungi! Yakichafuka, daktari anajua haraka kwamba ni usaha. Yakiwa safi ndipo kazi inaanza, kwa sababu huenda ni homa inayopona yenyewe, au ni kifua kikuu kimepanda kichwani. Hupimwa sukari, huachwa yatulie waone kama utando mwembamba utajifunga ndani, na mara ya kwanza ugonjwa waweza kujificha. Ndiyo maana ya sindano ya pili. Kikiwa kifua kikuu na akose dawa yake, streptomaisini, atakufa, sitakudanganya.

Na wewe una kosa lako. Ulikimbilia kutangaza "safi, safi" kabla ya kuuliza maana yake. Tena umeniandikia mimi kwamba alikonda kabla ya kichwa kuuma, daktari umemwambia? Mwambie, maana kifua kikuu hukondesha na huambukizwa kwa kikohozi, na umtajie yeyote anayekohoa nyumbani, hata akiwa ni mkwe wako.

Pasi isikutishe. Omba daktari akuandikie barua kwamba unauguza, uipeleke mwenyewe kwa bwana D.O., ofisa wa serikali anayetoa pasi, kabla siku haijafika. Usipitie kwa Njagi. Yeye alipewa bunduki alinde geti la kijiji, hakupewa mgongo wa mtoto wako. Akija wodini, mwambie hivyo mbele ya watu, bila kuinamisha kichwa.

Njiru akirudi, heri akute mke aliyegombana na ukoo mzima kuliko akute mke mtiifu na kaburi dogo. Achomwe leo, Lydiah. Mshike wewe mwenyewe asitikisike.