Chipu Inayosinzia

Jumanne, usiku

Umenizima. Ndivyo binti yangu Shiru alivyoniambia, na neno hilo bado linaniuma.

Nilikuwa nimezima kifaa chake cha kusikia nikipika, ili betri isimwishie kesho shuleni. Akasogelea jiko. Nikamwita, nikamwita tena, mwisho nikamvuta mkono. Nilipokiwasha nikamfokea, "Kwani husikii?"

"Si ni wewe umenizima, mama."

Na leo asubuhi tu kijana wa kliniki ya masikio alikuwa akinieleza kuhusu chipu mpya za vifaa vya kusikia, zinazoundwa kwa kuiga ubongo. Chipu iliyo kwenye kifaa cha Shiru sasa hufanya kazi hata kukiwa kimya, ndiyo maana inamaliza betri. Hizo mpya zinatulia mpaka sauti ije.

"Ni kama wewe, Mama Shiru. Malori yanapita usiku kucha hapo kwenu Komarock na wewe unakoroma. Shiru akikohoa kidogo, uko wima."

"Nani amekwambia nakoroma?"

Tukacheka, lakini nimebaki nikijiuliza. Mimi kikohozi cha Shiru nilikijua kwa kukosa usingizi. Chipu itafundishwa na nani kwamba hii ni kelele tu, na hii ni mama anaita? Na ikikosea je? Nitamuuliza kijana huyo tukirudi kliniki.

Anasema bado ziko kwa majaribio, huenda zikachukua miaka. Shiru naye anakua sasa.

Basi nimemwonyesha swichi. Kuwasha, awashe wakati wowote. Kuzima, lazima aniulize kwanza.

Na mimi pia, lazima nimuulize.