Kaka, Usilikate Hilo Bampa

Mtua,
Nachingwea.
5 Desemba 2024

Mpendwa kaka Hemedy,

Hapana, sikukukatia simu. Chaji iliniishia palepale uliposema umeshapata fundi wa kuchomelea, na kwamba unataka alikate bampa la mbele la gari lako lifanane na la shemeji yako. Nilibaki naliita jina lako kwenye simu iliyozimika mpaka majirani wakanicheka. Nimeona bora nikuandikie, maana nina mengi, na barua haiishiwi chaji.

Lakini nisikimbilie bampa kabla ya kukujulia hali. Hamjambo huko Tunduru? Mguu wa Mama Mkubwa unaendeleaje, bado anautanguliza akiwa anainuka? Wifi Sikudhani na watoto je? Mvua zimeanza kwenu? Huku zimeanza, na watu wameshashika majembe.

Sisi hatujambo, Alhamdulillah. Na mimi, kaka, nina raha mpaka naona aibu kuiandika. Lukumani akirudi safari ananiita jina langu tangu kule barabarani, kama mtu anayenadi samaki. Akikaa kunitazama nikichagua mchele, nasahau mawe, halafu yeye ndiye anayeyatafuna na kusema chakula kitamu. Ungekuwepo kwenye harusi ungeona mume wangu alivyolia, pale shangazi alipomkabidhi mkono wangu. Alilia yeye, bwana harusi, siyo mimi!

Sasa bampa. Wewe umeliona kwenye picha tu, na kwenye picha kweli linapendeza. Tairi za mbele zinaonekana zote, gari limesimama kama kijana aliyekunja suruali yake. Lukumani aliliona la namna hiyo kwenye simu, akasema lazima aje kunichukua Ruangwa na gari la kisasa. Akalifungua lile bampa refu la zamani, akafunga hili fupi la mabomba. Lile la zamani akampa Mayunga, jirani yetu mfugaji, wale waliohamia hapa kutoka Kanda ya Ziwa. Mayunga alileta maziwa na mbuzi wawili wa harusi bila kuombwa, naye Lukumani akataka kumshukuru. Alimpa mbele ya watu wote, na watu wakapiga makofi. Mayunga akalifanya komeo la mlango wa zizi lake.

Taabu ilianza siku ileile ya harusi, na hili hakuna aliyekuandikia. Unajua desturi yetu, gari la bibi harusi haling'oki mpaka shangazi afunge kanga mbele. Miaka yote kanga hufungwa kwenye ncha za bampa, huku na huku, ikatanda vizuri. Sasa bampa lenyewe halifiki pembeni. Shangazi akafunga hivyo hivyo, fundo likakaa karibu na tairi. Hatujafika hata mwisho wa Ruangwa, upepo ukaisukuma kanga, tairi ikaikamata na kuimeza. Gari likasimama. Shangazi akateremka kwenye gari la nyuma akipiga kelele, "Jamani, gari la mkwe linanivua nguo!" Mimi na hina zangu nilicheka mpaka wanja ukashuka mashavuni. Lukumani akaingia chini ya gari na kanzu yake nyeupe, akatoka na vipande. Aliniangalia kama mtoto aliyevunja sahani. Nikampenda zaidi, wallahi.

Tulidhani ni kichekesho cha siku moja. Lakini mvua za kwanza ziliposhuka, tukaanza kujifunza. Tairi ikikanyaga tope, hakuna kitu pembeni cha kulizuia. Linaruka mbele na juu, linaziba taa, linapiga kioo. Tukitoka Mtua mpaka Nachingwea mjini, Lukumani anasimama njiani kufuta, na zamani alikuwa anakanyaga ncha ya bampa akafikia kioo bila shida. Sasa anapanda juu ya tairi yenye tope, anateleza, anarudi kwenye usukani amechafuka kuliko gari.

Halafu kuna njia za mashambani. Tulikwenda Mkotokuyana kuchukua mizigo, njia ni nyembamba, matawi ya mikorosho yameinama pande zote. Bampa la zamani lilikuwa linatangulia kugusa kila kitu, tawi au kisiki, na chuma chake hakikujali. Siku hizi kinachotangulia ni taa na madigadi zinazofunika tairi. Kisiki kimoja kilichojificha kwenye majani kilibonyeza madigadi ya kushoto mpaka ikawa inakwaruza tairi tukikata kona. Tulirudi kwa mlio huo njia nzima.

Sitaki kukudanganya, uzuri wake upo. Kwenye makorongo ya kule Chinongwe, gari linapanda ukingo bila pua kugonga udongo. Lukumani alikuwa akilisifu kwa hilo kila siku. Lakini makorongo ni machache, na matawi yapo kila mahali.

Lililomaliza maneno ni fahali. Tulikutana na ng'ombe wa Mayunga wanavuka barabara, Lukumani akasimama kwa heshima wapite. Fahali mmoja akapita kwenye kona ya gari, akageuza kichwa, pembe ikaingia kwenye taa. Mayunga akaja mbio na fimbo yake.

"Jirani, samahani, huyu ana wivu. Ameona gari lako lina macho mazuri kuliko yeye."

Lukumani akacheka naye, akasema si kitu. Mimi nilikuwa natazama ile kona tupu, najua naye anaitazama. Chuma ambacho kingepokea ile pembe kilikuwa zizini.

Nyumbani nikamwambia akakiombe. Kaka, huo ndio ulikuwa ugomvi wetu wa kwanza! Akasema, "Niende na uso gani? Nilimpa hadharani." Nikamjibu, "Uso huohuo ulioniposea, mbona siku ile haukuwa na haya?" Chai akanywea barazani, mimi nikanywea jikoni. Sijawahi kunywa chai mbaya kama ile, na sukari niliweka. Niliogopa, nisikufiche. Gari ndilo linalotulisha, na mvua zilikuwa zinakaza. Lakini niliogopa zaidi kuwa nimemvunjia heshima mume wangu ndoa ikiwa bado inanukia udi.

Vikombe vikiwa bado havijaoshwa akaja kusimama mlangoni mwa jikoni. "Shakila, vaa mtandio twende wote. Peke yangu nitaishia kuomba maziwa nirudi."

Tulimkuta mke wa Mayunga, Marystella, anasuuza vibuyu vya maziwa. Alivyomwona tu Lukumani akaanza kwa salamu ya kwao. "Mwangaluka, bwana harusi! Mbona umekuja umeinama, unaposa tena?"

"Naposa chuma, mama," Lukumani akasema.

Marystella akacheka mpaka akaweka kibuyu chini. Mayunga akatoka ndani, akatuongoza mpaka nyuma ya nyumba. Bampa lilikuwa limeegemezwa ukutani, limefutwa safi. Mlango wa zizi alikuwa ameuziba kwa miiba.

"Nimelitoa tangu fahali avunje taa," akasema. "Nikawa nangoja uje. Ningekuletea mwenyewe, ungesema Msukuma anakurudishia zawadi yako usoni."

Kumbe naye alikuwa amekaa kwake anaona haya! Kwao kurudisha zawadi ni tusi, kwetu kuidai ni aibu, basi wanaume wawili wazima wanasalimiana kila asubuhi na hakuna anayelitaja. Marystella akaniambia, "Mdogo wangu, wangetuachia sisi wanawake tangu siku ile, hata taa msingebadilisha." Lukumani na Mayunga wakaingia shambani kwetu, wakaangusha mkorosho mkavu, wakachonga magogo ya mlango wa zizi. Walirudi jioni wametoka jasho, wanataniana kama waliokua pamoja.

Fundi Nuhu wa mjini amelifunga bampa la zamani mahali pake, na nati zikaingia zote, kwa sababu halikuwa limekatwa. Hapo ndipo ninapokuomba unisikilize, kaka. La kwetu lilifunguliwa tu, ndiyo maana limerudi. Lako likipitiwa na msumeno, hakuna wa kukurudishia, na njia zako za vijijini naambiwa ni mbaya kuliko zetu. Lukumani mwenyewe amesema nikuandikie hivyo, na mwanaume aliyekubali hilo mbele ya mkewe ujue hasemi utani. Lile fupi liko nyuma ya nyumba, kuku wanalala juu yake.

Nisalimie sana Mama Mkubwa Mwanamvua, mwambie dawa ya kuchua aliyoituma ninaitunza. Nisalimie wifi Sikudhani, mwanangu Bakary, na yule mdogo ambaye hanijui bado. Lukumani anawasalimu wote, na Mayunga na Marystella nao wamesema niwatie kwenye salamu. Mungu aiweke nyumba yenu katika amani, awape mvua ya kiasi na afya isiyopungua, na njia zote mnazopita zikurudisheni nyumbani salama.

Na fundi wako mwambie asubiri. Kabla Desemba hii haijaisha, mimi na mume wangu tutakuja Tunduru kwa gari hilihili, Mama Mkubwa amwone mkwe wake, na wewe uendeshe mwenyewe kwenye njia zako mbaya kuliko zote. Ukishuka bado unataka kukata, Lukumani atakushikia msumeno.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye, ambaye sasa ni mke wa mtu,

Shakila