Karanga Ndani ya Sombe ya Baba Mukwe

Mama Agathe, wewe unayejibu barua za watu ndani ya gazeti, amani ya Bwana Yesu ikae kwako na kwa nyumba yako yote. Mimi ni Constance, mama ya watoto sita, ninakaa Burungu hapa Masisi. Shule nilisoma kidogo tu kwa masista, basi ukiona mistari imepinda usinicheke, ni mukono wa jembe njo unaandika. Nisaidie, tena mbio, maana niko na furaha mingi na woga mingi, na sijui nianze na kipi.

Acha nianze na furaha. Bwana yangu Edmond alipelekwa kazi ya barabara kule Itebero, ndani ya pori ya Walikale, nikamufuata na watoto, na kule nyama ya kununua haikukuwa ya watu kama sisi, na mimi mwanamuke wa milima nilikuwa najua maharagi na viazi, nachemusha, natia chumvi, Amina. Siku moja jirani yangu kule, Mama Dorothée, alichungulia chungu yangu akasema, "Dada, haya ni maharagi ao ni mawe ya barabara ya bwana yako?" Nilicheka mpaka machozi. Njo akanifundisha. Sombe, yale majani ya muhogo, unaitwanga pamoja na kitunguu na pilipili, unaichemusha muda murefu mpaka ile harufu ya majani mabichi inaisha, unatia mafuta ya ngazi, yale mekundu ya muchikichi, na kwa mwisho karanga ya kukaanga uliyosaga laini kabisa, weee, Mama Agathe! Na uyoga ule wanaukausha juu ya moto, ukiuloweka unatafunika vizuri, Edmond aliniuliza, "Leo umechinja nini?" nikamujibu, "Nimechinja muti ulioanguka."

Tuliporudi Burungu nilirudi na mbegu ndani ya kitambaa, na tangu pale nyama haikuingia tena kwa moto yangu na hakuna muntu anayeiulizia. Asubui uji ya mutama. Muchana maharagi na mahindi ndani ya chungu moja, na lengalenga, ule muchicha wetu, juu. Mangaribi sombe na ndizi ya kuponda, ao boga, ao viazi tamu na uyoga. Mutoto wangu Honoré, aliyekuwa na tumbo kubwa na miguu kama vijiti, sasa anashindana na mbuzi kwa mulima! Wamama wa kanisa wananisimamisha njiani, "Constance, unawapa nini hawa watoto?" Na ile mbuzi ya sikukuu, sisi wanamuke wa hapa hatuigusi, wanasema mwanamuke akiikula ataota ndevu. Basi wanaume waikule wenyewe, mimi niko na sombe yangu!

Sasa woga. Baba ya Edmond, jina yake sitaitaja, unajua mwenyewe kwetu bibi hataji jina ya baba mukwe wake, yeye ni muzee wa ng'ombe. Meno imebaki kidogo sana. Nyama ilikuwa inamushinda, alikuwa anaitafuna na kuitema pembeni akizani hatumuone, akakonda, akaacha hata kwenda misa sababu ya ule mulima wa kanisa. Siku moja nikamutumia sombe yangu na ndizi ya kuponda. Alikula, akalamba vidole, akatuma mutoto kwangu: "Ambia mama yako Papa anauliza kama ndani ya chungu hakukubaki kitu." Tangu pale, kila mangaribi ni sombe. Sasa muzee anapanda kwenda misa, na fimbo anaibeba kwa bega!

Lakini akishakula anakunywa maziwa yake. Na kwetu sisi muntu aliyekula karanga hakunywe maziwa siku ile, wanasema chuchu za ng'ombe zitapasuka vidonda. Mimi nilijua, Mama Agathe. Mara ya kwanza kweli nilisahau, mukono ulitia karanga vile ulizoea kule Itebero. Mara ya pili nilimuona vile anafurahi, nikasema nitamwambia kesho, na kesho ikazaa kesho ingine.

Sasa ng'ombe yake anayoipenda, Gaju, imetoka vidonda kwa chuchu. Muzee alisimama katikati ya kiwanja akapiga kelele, "Nani hapa anakula karanga na kunywa maziwa yangu?" Macho yote ikaenda kwa Drocella, bibi mupya wa shemeji yangu Damien, sababu alizaliwa upande wa Mubi, kule Walikale, na kule karanga ni chakula ya kila siku; mimi muzaliwa wa milima hakuna aliyenizania. Drocella akapiga magoti, "Papa, tangu niolewe hapa karanga sijaiona hata ganda yake." Muzee akamujibu, "Ulimi ya watu wa pori inateleza kama mafuta yao." Akasema kwa sikukuu ya Bikira Maria, mwezi wa nane, ndugu zake wakifika, Drocella arudishwe kwao. Na wakati anasema vile, Mama Agathe, alikuwa ameshika sahani yangu! Mukono moja unamuonyesha Drocella njia, mukono ingine unachovya ndizi ndani ya sombe!

Mimi nilikuwa pale, nimesimama na kijiko.

Damien anatembea kama muntu aliyefiwa. Drocella alikuja kwa jikoni yangu akaniuliza, "Yaya, dada yangu mukubwa, hata wewe unazani ni mimi?" Nikamwambia hapana, hapana kabisa. Nikisema kweli, muzee ataacha chakula changu, atakonda tena, na atazani niliharibu ng'ombe yake kusudi. Nikinyamaza, Drocella anaenda. Je, niache tu kutia karanga, polepole, bila muntu kujua? Na ni kweli karanga iliyo ndani ya tumbo ya muzee inaweza kupasua chuchu ya ng'ombe? Ninaomba kila siku na rozari yangu, lakini jibu sijalisikia.

Ni mimi dada yako katika Kristu, Constance wa Burungu.

*

Mama Constance,

Barua yako ilinitia njaa, kisha ilinitia hasira. Jibu hili nimelituma kwako kwanza kwa mukono wa muchukuzi, kabla ya kuliweka ndani ya gazeti, sababu sikukuu iko karibu na gazeti letu linatembea polepole.

Kwanza nikusifu. Mutoto aliyekuwa na miguu kama vijiti anakimbia, muzee aliyekonda anapanda mulima, na vyote vimetoka kwa shamba yako na kwa kinu. Wamama wengi wanazani bila nyama mutoto hawezi kukomaa. Waje Burungu waone! Hayo umefanya vizuri, na Mungu ameona.

Sasa nikugombeze. Unasema jibu la Mungu hujalisikia. Hakunyamaza, mama. Alikuletea Drocella mpaka jikoni, akakuuliza kwa mudomo yake, na wewe ukamupa nusu ya jibu. Karanga haina kosa. Lakini kinywa ni cha muzee, hakikukuwa chako. Kama muntu angetia mbuzi ndani ya maharagi yako na kuficha, halafu akukute kila siku unalamba vidole, ungemushukuru? Na ile akili ya kuacha karanga polepole bila kusema, iondoe kabisa. Ukifanya vile, siku vidonda vya Gaju vitapona vyenyewe watu watasema, munaona, tangu tumushike Drocella ng'ombe imepona! Utakuwa umemufunga muntu asiye na kosa kwa mikono yako.

Kwa ng'ombe nilimuuliza Papa Jean-Marie, ambaye amechunga miaka mingi. Anasema chuchu inapasuka sababu ya kupe, ao ndama inauma, ao wanakamua na mikono mikavu. Osheni na maji ya vuguvugu yenye chumvi, kausheni, pakeni siagi, na kupe mutoe. Lakini unisikie vizuri: usianze na kupe! Ukianza na kupe, muzee atasema unajitetea. Kweli yako iende mbele, kupe wafuate nyuma.

Ambia Edmond leo. Kesho yake, wewe na yeye muende kwa kiwanja, mbele ya watu walewale waliosikia kelele. Si pembeni, maana Drocella hakutukanwa pembeni. Desturi inakukataza jina ya baba mukwe, haikukatazi kusema kweli. Sema hivi: "Papa, karanga ilikuwa ndani ya sombe yangu. Nilijua, nikanyamaza. Drocella hana kosa." Halafu ufunge mudomo na umuache apige kelele. Yuko na haki.

Atakataa chakula chako? Pengine, siku kidogo. Basi muwekee chungu yake, na watoto waone unachotia ndani. Pahali pa karanga tia mbegu za boga, uzikaange kwa moto mudogo, uzisage na chumvi kidogo, sombe itakuwa nzito vilevile. Maharagi uyaponde, uondoe maganda, koo ya muzee iyapokee. Lengalenga usiichemushe mpaka ife, na maji yake usiyamwage, mimina juu ya ndizi. Na kama siku moja mwenyewe anataka karanga, ni yeye atachagua siku ya kuacha maziwa. Achague akijua.

Lakini kabla ya Edmond, kabla ya muzee, kuna Drocella. Enda kwake sasa, ukimaliza kusoma. Usipeleke sahani, usimununue na chakula. Ukae chini, umwambie yote, umuombe musamaha. Anaweza kulia, anaweza kukufukuza. Na kama moyo wake umechoka na anasema atarudi kwao hata hivyo, wewe njo utabeba muzigo yake kwa kichwa mpaka pale camion, ile gari kubwa ya Mubi, inapita, muchana, katikati ya njia, na kila anayeuliza utamujibu kwa nini.

Mama Agathe