Malimi, Yassin Hakukosea Hesabu

Mwaka umetimia, Malimi, tangu tukupeleke Magu kwenye ardhi ya babu. Walituambia mwaka ukiisha moyo hutulia. Wetu haujatulia. Mama huanza kupepeta mchele, akauacha kwenye ungo, akaenda mlangoni, akarudi. Mimi dada yako ndio usiseme.

Hata wewe kukaa kitako kulikushinda. Kiwanda kilipokupunguza kazi, ulikusanya waliobaki wa kikundi chenu cha maigizo. Asubuhi ukauza viatu vya mitumba, jioni ukafundisha kupigana kwa panga za jukwaani. Ulimfuata mama hadi jikoni: "Mama, nishambulie begani." Na mama, ugali ukiungua, alikushambulia kwa mwiko.

Ulikuwa mpole mno kwa mtu wa mapanga. Hukula sato bila kumwekea mama kichwa. Anayeanza kujifunza ulimpa fimbo miezi miwili kabla hajagusa upanga, na panga zenyewe, zilizofuliwa kwa springi za lori, ulizisugua kwa tupa mpaka zisikate hata nyanya. Sheria zako zilijulikana uani kwetu Igogo: mtazamane machoni, mhesabu kwa sauti, na mapigo yakianza mtu asiitwe jina.

Siku ile ulikuwa na rafiki yako Yassin Mbaruku, mnarudia pambano la mwisho. Tatu unakinga, nne unainama. Mlipofika tatu niliita, "Malimi, uji unapoa." Ukageuka. Upanga wa Yassin ulipita palepale mlipopanga upite. Kichwa chako ndicho hakikuwa kimeinama. Ulishonwa nyuzi saba juu ya jicho, na ukanitania njia nzima kwamba uji wangu una nguvu.

Kidonda kilipona. Wiki sita baadaye malaria ilikupanda kichwani, na siku ya tatu ukatutoka. Daktari alitueleza wazi. Lakini mtaani walishaamua ni upanga, na msibani mama alimwambia Yassin mbele za watu, "Wewe umeshafanya yako. Nenda."

"Sawa, mama," alisema, akavaa viatu vyake.

Nilikuwa nimesimama hapo na birika la chai. Alijua ni mimi niliyeita, na hakunitaja. Nami nikanyamaza. Nina aibu, Malimi. Tangu siku ile hajaja kwetu, na kwenye kikundi hakuna anayekubali kushika upanga mbele yake.

Wiki iliyopita nilimwambia mama.

"Nilimfukuza mbele za watu," akasema. "Andika gazetini, wasome watu."

Basi nimeandika. Yassin hakukosea. Niliyekosea ni mimi.

Jumamosi baada ya misa tutakula nyumbani, Igogo. Mbuzi amefungwa uani, na jirani yetu Mwislamu amejitolea kumchinja ili wote tule. Mama amemshukuru, akamkatalia. Anasema kisu atamkabidhi Yassin kwa mkono wake, na asipokuja mbuzi hachinjwi.

Tunaokukumbuka ni baba yako Mzee Nkwabi, mama yako Dorotea, mdogo wako Obedi, na mimi Modesta. Pia Yassin Mbaruku, ambaye hatujamwomba ruhusa ya kumtaja.

Siku zetu zote, Malimi, hutatutoka moyoni.