Afadhali Maringo

Jumanne, Nkubu. Ukungu umekaa tangu asubuhi. Leo haukunisumbua, maana angalau kila mtu alikuwa haoni mbali.

Maneno haya naiambia simu nayo inaandika. Ikikosea, mnisamehe. Miaka thelathini nilisahihisha insha za watoto wa watu, sasa yangu siwezi kuisoma.

Nyinyi wasomaji wangu wachache, hili sijawahi kuwaambia. Macho yangu yameharibika katikati. Daktari alisema ni uzee, na kwamba kilichopotea hakirudi. Pembeni naona: kuku, mlango, migomba. Lakini nikikutazama usoni, uso wako unafutika. Ili nikuone, lazima nitazame kando, kwenye sikio lako au begani.

Hapa kwetu, mtu akikutazama hivyo amekudharau.

Leo nilipeleka kahawa kiwandani. Kabla ya kupimiwa, kila mtu humwaga yake kwenye turubai na kutoa zile mbichi. Siku hizi mimi nachagua kwa vidole, kwa sababu mbichi ni ngumu. Nilikuwa nimeinama hapo niliposikia sauti ya Mama Kendi kwenye turubai la jirani. Huyu ndiye aliyelala kwangu wiki mbili mume wangu alipofariki. Tangu mvua ianze hajafika kwangu.

Alikuwa anamwambia mwenzake, "Mwalimu amekuwa na maringo siku hizi. Jumapili nimemsalimia, mkono nimenyoosha, yeye anaangalia ukuta. Mimi ni wa kuangaliwa hivyo kweli?"

Sikuinua kichwa. Niliendelea kuchagua kahawa ambayo nilikuwa nimeshaichagua.

Ningemwambia palepale. Sikumwambia. Na acha niseme ukweli: najua watu wanasema hivyo, na nimewaacha waseme. Niliona afadhali waseme naringa kuliko waseme nimekuwa kipofu. Mwenye maringo watu humkasirikia tu. Kipofu hushikwa mkono, huletewa uji, na watu humjadili akiwa ameketi hapohapo.

Kwa hivyo nilichagua maringo, na sasa hakuna anayekuja kunywa chai na mimi.

Wiki iliyopita nilipika mara mbili tu. Giza halijaingia, tayari nimelala, na asubuhi naamka nimechoka. Redio iko hapa na sitaki hata kuiwasha. Kuna siku naketi kitandani viatu nimevaa, na sina pa kwenda. Kijana wangu akipiga simu kutoka Embu namwambia niko sawa, halafu namuaga haraka asije akasikia ninalia. Daktari aliniuliza mengi kuhusu macho. Haya mengine hakuuliza, na mimi sikusema.

Nina hamu na Mama Kendi. Nina hamu hata na kelele zake, na vile anavyolalamika kwamba chai yangu haina majani.

Kesho nitaenda kwake mapema, kabla hajatoka kwenda shambani. Njia naijua kwa miguu. Je, atanifungulia? Sijui. Akifungua, nitatazama sikio lake, na kabla hajakasirika nitamwambia, "Mama Kendi, hivi ndivyo ninavyokuona."