Nilivyomwigiza Kinyozi

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Mkwe wangu kaniomba kitu leo. Si kawaida yake. Huyu mke wa mwanangu, mwalimu wa darasa la tano, huniheshimu mpaka inachosha — baba shikamoo, baba chai, baba inua miguu nifagie. Leo kasema: baba, wewe unajua kuigiza watu, njoo Jumatano unisaidie kufundisha msamiati. Mimi niliyeishia la nne, na hilo la nne lenyewe nililirudia! Nikamwuliza kwani wenye akili wamekwisha. Akasema wenye akili hawachekeshi.

Kazi ni hivi. Kila wiki watoto wanapata maneno mapya, yameandikwa kwenye kadi, yamebandikwa ukutani. Mtu anasimama mbele na kuigiza neno moja, mdomo kafunga. Watoto wanabahatisha ni kadi ipi. Anayepata anaeleza maana. Ijumaa kila mmoja anasimama na kutoa sentensi yake. Wiki hii maneno ni ya tabia za watu: mdaku, bahili, kiherehere, goigoi. Kwa tabia za watu nina shahada.

Jumatano, tarehe 6 Machi

Nimerudi najiona kijana.

Kwa mdaku nilibandika sikio ubaoni, shingo ndefu kama ya bata. Wakapata kabla sijamaliza. Kwa bahili nilimpa mtoto wa mbele pipi ya hewa, nikabadili nia, nikailamba, nikairudisha mfukoni. Wakapiga meza. Kuna kibinti chembamba kimekaa dirishani, darasa zima linakiita Kamusi. Hakuna neno linalompita. Kaulizwa kiherehere ni nani, akajibu: ni mtu anayeitikia salamu ambayo hakusalimiwa. Nikamwambia mkwe wangu huyo ampe chaki, yeye akapumzike.

Mwisho, goigoi. Hapo ndipo nilipojimaliza. Nilimwigiza kinyozi wa ng'ambo ya barabara yetu. Huyo jamaa kazaliwa kachoka. Anafunga kibanda kabla ya adhuhuri, anatembea kashika ukuta, anakaa kwenye kila kizingiti, viatu kavikanyaga visigino kwa uvivu wa kuvivaa. Nikaburuta miguu kuanzia mlangoni hadi ubaoni, mdomo wazi. Watoto kimya, hawana hakika. Nikaongeza vidole viwili vya mkasi — cha-cha-cha — nikasinzia katikati ya kunyoa. Darasa likalipuka! Mmoja akaanguka kwenye kiti chake.

Kamusi tu hakunyoosha mkono. Nadhani wenzake walimwahi.

Ijumaa, tarehe 8 Machi

Mkwe wangu kaniwekea chakula bila kusema karibu. Nikajua kuna jambo.

Leo ilikuwa siku ya sentensi. Kamusi kasimama, mikono nyuma, kasema: baba yangu si goigoi, baba yangu anaumwa moyo. Kakaa.

Hakuna aliyecheka. Ila kumbe tangu Jumatano wavulana wamekuwa wakimfuata uwanjani wakiburuta miguu, vidole vinakata hewa.

Nikauliza baba yake ni nani. Niliuliza ili nipate muda tu. Najua kinyozi ana binti, lakini wanakaa mtaa wa nyuma, sikuwahi kumwona na sare.

Nilitaka kumwambia mkwe wangu ulikuwa utani tu. Lile "tu" likakataa kutoka. Bila ule mkasi ningeweza kujitetea — goigoi wako wengi duniani. Mkasi niliutia mwenyewe, kwa uroho wa kuchekesha.

Mwanangu kasema, baba, siku hizi huoni aibu? Nimemjibu kwa hasira. Hasira zangu ndizo jibu lenyewe.

Jumamosi, tarehe 9 Machi

Nimepita kwa kinyozi. Nimepita, sikuingia. Nikarudi nikapita tena kama mtu aliyeangusha kitu.

Kavimba miguu. Ndiyo maana viatu havifiki kisigino. Viatu vile nimeviona siku zote hizi, na kila siku nikavicheka.

Jumatatu, tarehe 11 Machi

Mkwe wangu anasema Kamusi leo hajafungua mdomo. Maneno mapya yamebandikwa, yeye anaangalia nje. Akiulizwa anatikisa kichwa. Mtoto aliyekuwa anayala maneno kama karanga, leo kafunga!

Nikavaa kofia, nikaenda. Nina upara, hakuna cha kunyoa, nikasema nimekuja kwa ndevu. Kinyozi kanikalisha, kanipaka povu, kaweka wembe shingoni. Ndipo akasema:

"Mzee wangu, nasikia uliniigiza vizuri."

Mtu akiwa na wembe shingoni hamezi hata mate. Nikasema, "Nisamehe, mwanangu. Sikujua unaumwa."

"Ungejuaje? Nilikuwa sijamwambia mtu wa nje. Mteja akisikia kinyozi ana moyo mbovu, anadhani utasimama wembe ukiwa sikioni mwake." Akacheka, kisha akakaa kwenye ndoo apate pumzi. "Mimi nilicheka kweli. Mvulana mmoja wa darasa lile alinionyesha ulivyosinzia. Ila yule binti yangu hakucheka."

"Nitamwomba radhi. Nitampelekea—"

"Usimpelekee pipi."

Nilikuwa nataka kusema pipi.

"Ulimvunja mbele za watu," akasema. "Kamuunge hapohapo. Ukija nyumbani kwa siri, hapo utakuwa unajisitiri mwenyewe."

Akamalizia ndevu akiwa amekaa. Mkono wake ni imara kuliko wangu. Nimetoka na uso laini na hakuna pa kuuficha.

Jumanne, tarehe 12 Machi

Nimemwomba mkwe wangu aniruhusu niseme na darasa lake. Alikuwa anakunja nguo. Akakunja shati lote hadi mwisho ndipo akajibu.

"Kesho kuna neno ambalo nimekosa mtu wa kuliigiza, baba."

"Neno gani?"

"Tahayari."

Kuona aibu mbele za watu! Huyu mwanamke! Miaka yote nimemdhania mpole. Kasema tena, kwa adabu zake zote, kwamba hakuna haja ya kufanya mazoezi.

Nimefanya, hata hivyo. Mbele ya kioo cha kabati. Nainamisha kichwa, nashika kofia, nafinya midomo. Naonekana mzee anayetafuta meno yake. Kuigiza uvivu wa mtu kulikuwa rahisi. Hili langu mwenyewe halikubali kukaa usoni.

Jumatano, tarehe 13 Machi

Naandika nikiwa kwenye benchi nje ya darasa. Nimekuja mapema mno. Ndani wanasoma kwa sauti. Nimeandaa hotuba: watoto wazuri, babu yenu alikosea, kinyozi ni mtu wa kazi, anafanya kazi hata akiumwa. Nimeirudia njia nzima. Sasa nakumbuka "watoto wazuri" tu.

Nimefikiria kusema naumwa tumbo.

Wamenyamaza. Nasikia sauti ya mkwe wangu, anamtuma mtu aje kuniita. Kiti kinaburutwa.

Mlango umefunguka. Ni Kamusi. Kati ya watoto wote hao, kamtuma yeye.

Kasimama hatua mbili kutoka benchi. Hajasema shikamoo, hajasema unaitwa. Naona soksi zake, moja imeshuka. Juu ya soksi sijaangalia. Kofia imo mkononi, sikumbuki kuivua. Naandika kama mtu mwenye kazi nyingi ofisini, ili kichwa kiwe na sababu ya kuinama. Masikio yananiwaka. Hotuba imekimbia yote, pamoja na wale watoto wazuri.

Ananiangalia. Muda mrefu.

Kasema kitu. Polepole, kama anayesoma kadi iliyo mbali ukutani:

"Tahayari."

Nimemwambia, bado sijaanza kuigiza, mama.

Hajacheka. Na hajaondoka.