Mgeni wa Siku Tisini

11 Februari

Kwako binti yangu,

Salamu. Mimi sijambo, mguu unauma kama kawaida yake, na nyumba nzima haijambo. Natumaini nawe hujambo. Hayo ni ya adabu, nimeyamaliza. Sasa tuseme.

Simu zako sipokei. Kwenye simu unanikatiza, unacheka, halafu mtandao unakatika pale pale ninapotaka jibu. Ndiyo maana naandika kwa mkono, na Mama Vidonge wa duka la dawa ataipiga picha barua hii akutumie. Ameapa hasomi. Najua anasoma. Asome.

Jumamosi mdogo wako ameolewa. Kiti chako, mstari wa mbele, kilikaliwa na mkoba wa shangazi yako kutwa nzima. Kila aliyeuliza nilimjibu, "Kazi imembana." Nilisema hivyo mara ishirini, kama mtu anayetafuna mchanga. Jumatatu Mama Vidonge, kwa wema wake, ananionyesha picha uliyoiweka Jumamosi ile ile: umevaa miwani ya jua, umeshika chupa ya soda, nyuma yako foleni ya malori na kizuizi cha chuma, chekundu na cheupe.

Mimi nimegonga mihuri mpakani miaka thelathini na moja. Kizuizi cha mpaka nakijua hata ukinionyesha kivuli chake. Mtu mwenye kibali cha kazi anatafuta nini mpakani siku ya harusi ya mdogo wake? Kibali uliniambia unacho. Umeniambia mara ngapi? Nijibu kwa maandishi, bila kicheko.

Baba yako


16 Februari

Baba, shikamoo.

Natumaini mguu umepoa. Mimi ni mzima wa mwili.

Kibali sina. Sijawahi kuwa nacho. Haya, umepata jibu lako, tena kwa maandishi.

Niko hapa kwa viza ya mgeni, ya kuingia mara moja, siku tisini. Ukitoka, imekufa. Nafanya kazi kwenye kiwanda cha kufulia shuka za hoteli. Mwenzangu anashika pembe mbili, mimi mbili, tunailisha mashine, upande wa pili shuka inatoka kavu na moto, tunakunja. Shuka mia nne kwa zamu. Mwenye kiwanda tunamwita Mzee Sabuni, kwa kuwa ukidhani umemshika, ameshateleza. Nilipofika aliniambia, "Miezi mitatu tu, kibali kitatoka." Huu ni mwaka wa pili.

Kila ikifika siku ya themanini na tisa, dereva wake, tunamwita Kobe, anatupakia watu tisa. Tunafika mpakani, tunagonga kutoka, tunavuka daraja, tunagonga kuingia ng'ambo, tunakunywa soda, tunageuka, tunagonga kutoka, tunaomba siku tisini nyingine. Wenzangu wanasema "kesho tunakwenda kugonga" kama watu wanaokwenda sokoni. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi jembe nilipewa siku ya kwanza, ila ugeni hawajanitoa.

Siku hiyo ndiyo iliyoangukia harusi. Na pasi zetu anakaa nazo Mzee Sabuni. Anatugawia asubuhi ya safari, jioni Kobe anazikusanya, zinarudi kabatini. Kiwandani kuna pasi kumi na mbili za kunyooshea nguo, zote nazishika nitakavyo. Yangu ya kusafiria naishika mara nne kwa mwaka.

Utasema, kwa nini hukukimbia nayo siku hiyo uje nyumbani? Nije na nini, baba? Siku naondoka ulisimama mlangoni ukasema mbele ya majirani, "Mwaka hautaisha, atarudi mikono mitupu." Hukuniaga. Ulinitabiria. Basi nimebaki ili usione raha.

Na miwani ile niliivaa kwa sababu nilikuwa nalia. Mwambie na Mama Vidonge, kwa kuwa anasoma.

Mwanao


20 Februari

Kwako binti yangu,

Marahaba. Mguu haujapoa, na barua yako haikuusaidia.

Miaka miwili unanidanganya! Nimekaa na wazee wenzangu nikajigamba, "Wangu ana kibali, ameingia kwa njia ya haki." Umenivika joho la karatasi ukaniacha nitembee nalo kwenye mvua.

Unadhani afisa haoni? Nikwambie anachoona. Muhuri mmoja, huyo mgeni. Miwili, mgeni aliyependa mahali. Minane ya tarehe zinazofuatana kama meno ya mbuzi, huyo ni kibarua, na kila anayekigusa kitabu chako anajua. Anayekupitisha anajua. Kobe wako hawanunulii soda abiria peke yao pale, na dirishani anaacha chochote. Ila kiti kile hubadilishwa mtu. Siku moja atakikalia mtu kama mimi. Watu kama wewe niliwarudisha, mwanangu. Niliwarudisha bila kupepesa jicho, nikaenda nyumbani nikalala. Sheria ni sheria.

Halafu hili la kabati. Pasi ni ya serikali iliyoitoa, wewe umekabidhiwa tu. Mfua shuka hana haki ya kuifungia, hata angekuwa anafua shuka za malaika. Kesho asubuhi mwendee, umdai pasi yako, umdai kibali kwa maandishi. Akikataa, rudi nyumbani.

Baba yako


27 Februari

Baba, shikamoo.

Nilimwendea. Nikamwambia, "Bosi, naomba pasi yangu, na barua ya kazi ili nifuatilie kibali." Hata kichwa hakuinua. Akasema, "Barua ya kazi? Kazi gani? Kwani nani amekwambia wewe ni mfanyakazi wangu? Wewe ni mgeni wangu." Waliokuwepo ofisini wakacheka. Kesho yake nikahamishiwa chumba cha madoa, kwenye dawa ya kung'arisha. Mikono imebabuka mpaka kwenye kiwiko.

Nimefuata ushauri wako na hicho ndicho nilichovuna. Na unajua kilichoniuma zaidi? Mzee Sabuni anaongea kama wewe. Wote wawili mna kiti, mna meza, mna sheria, na sisi tuliosimama mbele ya meza hatumo ndani yake. Uliwarudisha ukalala? Hongera. Sasa usiniandikie tena mpaka uwe na neno lingine zaidi ya "niliwarudisha".

Mwanao


7 Mei

Baba, shikamoo.

Nilisema usiniandikie, ukatii. Maisha yangu yote hujawahi kunitii, na siku ya kuanza ukachagua hiyo. Natumaini mko wazima.

Niko mpakani. Wenzangu wanane wamepita dirisha la Kobe, kwa yule afisa wake wa siku zote. Foleni ilikuwa ndefu, mimi nikaitwa dirisha la pembeni, kwa afisa mgeni, mwanamke aliyenyoa nywele karibu zote. Alifunua kitabu changu ukurasa kwa ukurasa, polepole. Akauliza, "Umekuja kufanya nini?" Nikamwambia kutembea. Akasema, "Nyoosha mikono." Nikanyoosha. Akaitazama, akasema, "Hii mikono haijatembea popote. Kaa pale."

Nikamwona Kobe kupitia mlango wa kioo. Aliniona. Aliwasha gari, akaondoka na wenzangu, na pasi zao ameshazikusanya.

Nimekaa kwenye korido yenye bomba linalovuja. Upande huu siruhusiwi kuingia, ng'ambo wanasema nimeshagonga kutoka, hawanijui. Pasi anayo afisa. Ameniambia atanirudia baada ya kula, saa tisa, na ameniwekea karatasi nisaini.

Sikuombi pole. Wewe umekaa nyuma ya kile kioo miaka thelathini na moja. Niambie walioko kule wanaogopa nini.

Mwanao


7 Mei, saa nane mchana

Binti yangu,

Mama Vidonge amekuja mbio na kiatu kimoja mguuni. Naandikia hapa hapa kwenye kaunta yake, katikati ya dawa za kikohozi.

Karatasi usiisaini. Hizo huwa zimeshaandikwa kwamba ulikuja kutembea, ukakosea siku, ukakiri. Ukisaini hiyo, umekwisha na Mzee Sabuni amesafishika. Usilie mbele yake. Afisa akiona machozi anatazama saa. Mimi nilikuwa natazama saa.

Akirudi, mwambie kweli yote, na usianze na viza yako. Anza na kabati. Mgeni aliyezidisha mihuri ni jambo dogo, anarudishwa, anasahaulika. Pasi za watu zilizofungiwa kabatini ni jalada. Mwambie zipo ngapi, ziko chumba gani, nani ana ufunguo. Mtajie Kobe na dirisha lake. Halafu umwambie, kwa heshima, sauti ya chini: "Naomba uandike niliyokueleza, na uandike jina lako." Unaniuliza tunaogopa nini. Hicho ndicho. Tunaogopa kujua jambo kwa maandishi yenye sahihi yetu.

Najua kwa sababu niliwahi kulikwepa. Alikuja mwanamke mmoja, mpishi wa watu, mihuri kumi na mmoja. Akaniambia bwana wake amewafungia wenzake wawili vitambulisho. Nikamwambia, "Mama, hayo si ya dirisha hili." Nikamrudisha. Nikaenda kula. Sikumbuki nilikula nini, na sijui yeye alikula wapi. Tangu Februari nimejaa hasira na wewe, na sasa naona sehemu kubwa haikuwa yako.

Kaza moyo. Saa tisa hiyo.

Baba yako


12 Mei

Baba, shikamoo.

Mimi ni mzima. Natumaini nanyi.

Nilifanya ulivyosema. Nilipofika kwenye ufunguo, aliweka kalamu chini, akafunga dirisha, akaniuliza, "Unajua ukiendelea kusema hayo, huku hutaingia tena?" Nikamwambia najua. Akachukua karatasi mpya. Aliandika kurasa tatu, akatia sahihi mbele yangu, akamwita mkubwa wake. Mkubwa alitaka kuzichukua, afisa akasema, "Nitazipeleka mimi mwenyewe kwa wakaguzi wa kazi." Walibishana kwa kunong'ona, mimi nimesimama pale kama mwiko ukutani. Yule mwanamke hakushindwa.

Siku ya pili wakaguzi wa kazi walikwenda kiwandani. Kabati likafunguliwa. Pasi ishirini na sita, baba. Wenzangu waliopo ni wanane. Nyingine ni za watu walioondoka zamani, sijui waliondokaje bila pasi. Mzee Sabuni akasema, "Hawa ni wageni wangu." Mkaguzi akainua kadi za zamu zilizobandikwa ukutani, akamwuliza, "Mgeni gani anaingia zamu saa kumi na mbili?" Wamempeleka kuhojiwa. Keshokutwa huenda akatoka, mtu mwenyewe sabuni.

Usifurahi. Kiwanda kimefungwa. Wenzangu wana pasi mkononi na hawana kazi, na siku zao zinahesabiwa. Mwenzangu tuliyeshika naye shuka miaka miwili ameniandikia neno moja tu: "Umetufungulia kabati, umetufungia mlango." Hata hivyo amenitumia sanduku langu kwa basi. Nguo zote amezikunja pembe kwa pembe, kama shuka za hoteli. Hapo ndipo nilipolia.

Mimi nimegongewa muhuri mwekundu. Miaka mitatu siruhusiwi kukanyaga. Nimeanza safari ya barabara, Alhamisi asubuhi nitakuwa mpakani kwetu.

Na sikiliza vizuri. Ushauri wako umenisaidia na nakushukuru. Lakini usidhani barua moja ya mchana imefuta kila kitu. Wewe ulinifundisha niogope kurudi kuliko nilivyoogopa kukaa kabatini kwa mtu. Hilo nakuja nalo. Nikifika nitalisema, na hutanitazamia saa.

Mwanao


14 Mei, mpakani

Binti yangu,

Salamu tutapeana ana kwa ana. Karatasi hii nimemwachia afisa wa dirisha la tatu. Nimemwelezea sura yako, nikamwambia utakuwa umenuna.

Nilijaribu kuja kukupokea ndani. Nikawaambia, "Mimi nilifanya kazi hapa." Wakaniambia, "Mzee, kaa kwenye benchi kama wenzako." Nimekaa tangu saa kumi na mbili na nusu. Miaka thelathini na moja nililiona benchi hili kutoka upande wa pili na sikuwahi kulikalia. Ubao mmoja umevunjika, mwingine una msumari. Jirani yangu anamsubiri mume wake tangu juzi na hakuna aliyemwambia kitu. Nimekwenda dirishani mara mbili kumwulizia. Mara ya pili nilifoka, sasa wananiangalia vibaya.

Mdogo wako yupo nje na mumewe. Ana hasira yake ya harusi, ameitunza, anataka akukabidhi mwenyewe. Nimemwambia apange foleni.

Hayo uliyokuja nayo, usiyapunguze njiani. Mimi ni wa kwanza kuyapokea. Toka kwa mlango wa kushoto.

Baba yako